Kilowati za Mzee Mbogo

Mzee Mbogo alipokuja Kiirua mara ya kwanza, mwezi wa Julai, alikaa sebuleni kwa Mwalimu Karwirwa amevaa koti, sweta mbili na kofia ya sufu, na bado meno yalikuwa yakigongana. Aliletewa chai. Akashika kikombe kwa mikono yote miwili, hanywi, anapasha vidole tu. Mwishowe mkewe alivua leso yake akamfunika nayo mabegani, na mzee hakuikataa.

Alikuwa ametoka Siakago, upande wa Mbeere, ambako watu hulala madirisha wazi. Mwanawe Njue alitaka kumwoa Maxine, binti wa pekee wa Karwirwa, na siku hiyo wazazi walikuwa wamekutana wajuane tu. Mazungumzo yalikwenda vizuri kadiri yanavyoweza kwenda mgeni akiwa anautazama mlango. Walipokuwa wanaagana, Mzee Mbogo alisema kwa sauti ya mtu anayechagua maneno:

"Mama Maxine, tumeshukuru sana. Lakini haya mambo mengine tutafanyia Embu mjini. Mimi huku sirudi. Hapa si mahali pa mtu kukaa."

Karwirwa alitabasamu mpaka gari likapotea barabarani. Kisha akaingia jikoni akaanza kuosha vikombe kwa kelele nyingi.

"Si mahali pa mtu kukaa!" alimwambia Maxine. "Kwani sisi ni nini, kondoo?"

"Mum, alikuwa anasikia baridi tu."

"Baridi haifanyi mtu atukane nyumba ya watu."

Karwirwa alikuwa mjane. Alifundisha fizikia katika shule ya upili hapo Kiirua, na alikuwa amemlea Maxine katika nyumba hiyo hiyo, yeye na mama yake mzazi, Nyanya Nkatha. Sasa Nyanya alikuwa na tatizo la nyonga. Kutoka kitandani hadi kiti cha uani aliweza, akishikiliwa, na hadi ukumbi wa kanisa ulio karibu na nyumba aliweza, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Lakini safari ya gari mpaka Embu, na kona zote zile, hapana. Daktari alikuwa amekataa na nyonga yenyewe ilikuwa imekataa.

Alipoambiwa kwamba sherehe ya kumposa mjukuu wake itafanyiwa Embu, Nyanya hakubishana. "Basi mtaniletea picha," alisema, akageukia ukuta.

Maxine alitoka nje akalia. Karwirwa alimwona dirishani, amesimama kando ya zizi na upepo wa Mlima Kenya unampeperusha sketi. Ndipo hasira yake dhidi ya Mzee Mbogo ilipogeuka kuwa kitu kingine, kitu chenye kazi ndani yake.

"Yeye anataka joto," alisema. "Nitampa joto."

Alimpigia mzee simu mwenyewe. Alimwomba aje mara moja tu, mwezi wa Agosti, sherehe ifanyiwe ndani ya ukumbi wa kanisa. "Ukisikia baridi, Mzee, hata kidogo, tutafunga virago siku hiyo hiyo tukufuate Embu, na mimi ndiye nitakayeomba msamaha."

Kisha mzee akauliza, "Utafanya aje? Utahamisha mlima?"

"Wewe njoo tu uone."

Mzee akacheka kidogo, akasema atakuja.

Siku iliyofuata Karwirwa alichukua futi ya kupimia akaenda ukumbini. Alipima urefu, upana na kimo. Akahesabu madirisha, akatazama paa la mabati ambalo halikuwa na dari chini yake, akaweka kiganja penye mwanya wa mlango kusikia upepo unavyoingia. Kisha akakaa kwenye benchi akapiga hesabu: joto kiasi gani hutoroka kila sekunde kupitia bati, ukuta na vioo, na kwa hiyo joto kiasi gani lirudishwe ili ukumbi ubaki na uvuguvugu wa Siakago asubuhi. Alipata kilowati ishirini hivi.

Mdogo wake Mutwiri, mfanyabiashara wa viazi, ndiye aliyetumwa kutafuta mashine. Mutwiri alijulikana na kila mtu kutoka Nanyuki mpaka Maua, na hakuwahi kuketi mahali mpaka kiti kikapata moto.

"Kilowati ishirini ni kitu gani, dada? Niongelee Kiswahili."

"Ile birika yangu ya umeme hapo jikoni inakula kama kilowati mbili. Fikiria birika kumi zinachemka kwa pamoja ndani ya ukumbi, hazipumziki."

"Birika kumi," Mutwiri alisema. "Hiyo nimeshika. Niachie mimi."

Stima za ukumbi zisingeweza kubeba mzigo huo, kwa hiyo alitafuta mashine ya gesi. Baada ya siku chache alirudi akipiga honi tangu barabarani. Nyuma ya pikapu alikuwa na hita ya manjano aliyoazima kwa mfugaji wa kuku, ile ya kupasha vifaranga. Alikuwa amesoma kibandiko chake mwenyewe: elfu ishirini.

"Ulisema kilowati ishirini. Kilo ni elfu, ama si elfu? Basi, hii hapa, elfu ishirini kamili!"

Waliiwasha ukumbini. Ilinguruma vizuri, ikatoa mwanga wa rangi ya chungwa. Walikaa mbele yake, Karwirwa, Mutwiri na Maxine, wakingoja. Magoti yao yaliungua kwa joto. Maxine alipokwenda kusimama katikati ya ukumbi, alirudi akikimbia.

"Huko ni friji, anko. Kabisa."

Karwirwa aliinama akasoma kibandiko kwa makini. Kisha akaanza kucheka, akakaa chini kwenye sakafu akicheka.

"Mutwiri. Hii ni elfu ishirini, ndiyo. Lakini ni BTU."

"BTU ni nani?"

"Ni kipimo kingine cha joto, cha zamani cha Waingereza. Ukipasha ratili moja ya maji ipande nyuzi moja ya Farenhaiti, hiyo ni BTU moja. Ni kidogo sana. Mashine ya kilowati moja inatoa BTU kama elfu tatu na mia nne kila saa."

Mutwiri alitoa simu akagawanya. Uso ukamshuka. "Elfu ishirini kwa elfu tatu na mia nne... tano nukta nane nane."

"Karibu kilowati sita."

"Kwa hivyo mimi nimekuletea birika tatu."

"Birika tatu, ndugu yangu."

"Sasa mbona watu wasichague kipimo kimoja wakae nacho?" Mutwiri alilalamika. "Mimi nikiuza viazi kwa gunia, na mwingine kwa debe, na mwingine kwa kilo, si tutapigana sokoni?"

"Na si ndivyo mnavyofanya?"

Mutwiri alifikiri, akakubali kwamba ndivyo wanavyofanya.

Basi zilitakiwa kilowati kumi na nne zaidi. Mutwiri, ambaye sasa alikuwa ameujua ulimwengu wa BTU na hakutaka kudanganywa tena, alimpigia Isaack, mfanyabiashara wa Meru mjini aliyekuwa akikodisha mahema makubwa na mashine za kila aina. Isaack alimwambia anazo mbili za kupuliza hewa moto, zinazotumia dizeli. Zinasimama nje, na joto linaingia ndani kwa bomba pana la turubai, kwa hiyo moshi hauwasumbui watu.

"Ni za ngapi?" Mutwiri aliuliza.

"Hizi ni za thelathini, kila moja."

Mutwiri alipiga hesabu yake haraka, akampigia dada yake kwa sauti ya ushindi. "Thelathini elfu BTU! Gawanya, ni kilowati nane na kitu. Mara mbili, kumi na saba. Ongeza zile sita za kuku. Ishirini na tatu! Tumepita kidogo, lakini si afadhali kupita?"

"Una uhakika ni BTU?"

"Dada, mimi si yule wa juzi."

Karwirwa alifurahi, akamsifu. Alikuwa na mambo mengi: mchele, mahema ya wapishi, nguo ya Nyanya, wazee wa ukoo ambao kila mmoja alitaka kujua ataketi wapi. Hakuuliza tena.

Siku ya sherehe ilianza kwa ukungu mzito. Mashine za Isaack zilichelewa njiani, zikafika wakati wageni wa Mbeere wamekwisha kupita Meru mjini. Mutwiri na vijana wa kanisa walizisimamisha nyuma ya ukumbi, wakapitisha mabomba madirishani na kuziwasha, wakati Karwirwa yuko langoni akipanga wanawake wa kuimba.

Wageni walishuka. Mzee Mbogo alitoka garini kama mtu anayekwenda kupanda mlima wa theluji: koti juu ya koti, skafu, glavu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alipumua mara moja, akaona pumzi yake ikitoka kama moshi, akamtazama Karwirwa. Wanawake waliimba wakawaingiza ndani.

Mlangoni mzee alisimama. Joto lilikuwa limemgonga usoni. Aliingia taratibu, akatafuta kiti chake, akajikuta amewekwa kando ya Nyanya Nkatha, karibu na hita ya kuku.

"Karibu, mwanangu," Nyanya alimwambia. "Kaa hapa, huku kuna jua."

Wakati maombi yanaendelea, mzee alivua glavu. Wakati wa kutambulisha ukoo wa Kiirua, alivua skafu na koti la juu. Wakati wa kutambulisha ukoo wa Mbeere, alivua kofia, na watu wengi wakaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mvi nzuri sana. Nyanya naye alikuwa amevuliwa soksi na alikuwa anachezesha vidole vya miguu kama mtoto.

Lakini upande wa pili mambo yalikuwa mengine. Wazee wa Kiirua walikuwa wamekuja na makoti mazito wanayovaa mwaka mzima, na kwa heshima ya ukwe hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvua. Jasho liliwatiririka mashavuni. Mmoja alikuwa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Urembo wa Maxine ulikuwa umeanza kuhama kutoka machoni kuelekea kidevuni, na Njue, aliyeketi karibu naye, alikuwa anampangusa kwa kitambaa huku wote wawili wakijizuia kucheka. Keki juu ya meza ilikuwa imeinamisha kichwa.

"Mum," Maxine alinong'ona mama yake alipopita, "hii ni birika ngapi?"

Karwirwa alikuwa anajiuliza swali hilo hilo. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Mashine mbili kubwa nyekundu zilikuwa zinavuma, na Mutwiri amesimama kando yake akiwa amekunja mikono, mwenye fahari. Karwirwa aliinama akatazama kibandiko. Palikuwa na thelathini, na mbele ya thelathini, herufi mbili tu.

"Mutwiri, soma hapa."

Mutwiri alisoma. Akasoma tena. "Kei... dabliu."

"Kilowati. Si BTU elfu thelathini. Kilowati thelathini. Kila moja!"

"Kwa hivyo..."

"Thelathini, na thelathini, na sita. Umewapa birika thelathini na tatu."

Mutwiri alishika kichwa. "Lakini ile ya kwanza ilikuwa BTU! Nilijua sasa zote ni BTU!" Alionekana kama mtu aliyesalitiwa na herufi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wamekasirika?"

Karwirwa alitaka kumgombeza, lakini kitu kilimjia akilini kikamfunga mdomo. Aligeuka akatazama kupitia dirishani ule umati uliobanana.

"Hata mimi nimekosea," alisema polepole. "Nilipima paa, nikapima ukuta, nikapima upepo. Watu sikuwapima. Mtu mmoja akikaa tu anatoa joto kama balbu ya wati mia. Hapo ndani kuna zaidi ya watu mia moja. Hizo peke yake ni kilowati kumi!"

"Kwa hivyo hata bila mimi wangetokwa na jasho?"

"Kidogo."

"Basi tumekosea sisi wote," Mutwiri alisema, na uso wake ukarudi mahali pake.

Walizima mashine moja kabisa na kuteremsha nyingine mpaka ikawa inanong'ona. Karwirwa alirudi ndani akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mbogo, kwa sababu alikuwa ameahidi joto la kiasi na si tanuri, na aliona aibu. Akainama.

"Mzee, unisamehe. Tulichanganya vipimo. Tumewapikia ndani ya chungu."

Mzee Mbogo alimtazama. Alikuwa amebaki na shati tu, na paji lake la uso lilikuwa linang'aa.

"Kaa, Mama Maxine," alisema, akamsogezea kiti. "Kuna kitu sikukwambia. Ile siku ya Julai, nikifika nyumbani nilishikwa na kifua. Nikalazwa Embu, karibu wiki mbili, nikipumua kwa hewa ya mtungi. Nilimkataza Njue asiseme. Niliona mkijua, mtajilaumu, na hawa watoto wataanza ndoa yao na lawama." Akajifuta jasho. "Halafu yale maneno niliyosema hapo kwako. Yalikuwa mabaya. Niliyasema kwa uoga. Nilikuwa nasikia kifua kinafunga na sikutaka mke wangu aone."

Karwirwa alihisi hasira aliyokuwa ameibeba tangu Julai inamtoka kama pumzi. Alitaka kusema mambo mengi. Alichosema ni, "Ungeniambia tu, Mzee. Ningekuwekea hata kilowati mia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa cha kucheka tu. Kisha akasimama, akaomba kusema neno.

"Mimi nilikuja hapa na makoti mawili," alisema. "Nilikuja kuwaambia harusi ifanyiwe kwetu. Sasa nimeona mama wa watu amepima nyumba nzima kwa futi ili mimi nisisikie baridi. Harusi itakuwa hapa. Na hawa wazee wa Kiirua, tafadhali, vueni makoti. Mnateseka na mimi nawaona."

Vicheko vilipasuka. Makoti yalivuliwa kila upande, na vijana wakafungua madirisha. Upepo wa mlima uliingia kidogo kidogo, ukakutana na joto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ukumbi ukawa mahali ambapo kila mtu alitosheka. Walikula viazi na mukimo na nyama. Mutwiri alisimulia kisa cha BTU meza kwa meza, na kila meza kosa lilizidi kuwa la Isaack.

Wakati wa chai, Mzee Mbogo alimvuta Karwirwa kando.

"Mwalimu, hivi vipimo unavijua kweli?"

"Leo siwezi kuapa."

"Mimi nina maembe. Yakiiva yote kwa pamoja, mengi yanaoza. Nataka kujenga chumba baridi. Kuna mtu wa mashine ameniambia nichukue ya tani mbili. Nikaona ni sawa, kwa sababu mavuno yangu hayapiti tani mbili kwa wiki."

Karwirwa aliweka kikombe chini. "Mzee, hiyo tani si ya maembe."

"Si ya maembe?"

"Ni tani ya baridi. Zamani watu walipima mashine za baridi kwa barafu: mashine inayoondoa joto la kutosha kugandisha tani moja ya maji kwa siku moja, hiyo wanaiita tani. Ni kama kilowati tatu na nusu. Haisemi chochote kuhusu uzito wa maembe yako."

Mzee alikodoa macho. "Kwa hivyo zile tani mbili zinaweza kuwa kidogo?"

"Au nyingi. Inategemea ukubwa wa chumba, kuta zake, maembe yanaingia na joto gani, na unataka yapoe kwa muda gani. Hata maembe yenyewe yanapumua, yanatoa joto."

"Kama watu?"

"Kama watu."

Mzee alitikisa kichwa, akamwita mkewe aje asikie. Kisha akamwuliza Karwirwa kama angeweza kuteremka Siakago shule ikifungwa, apime hicho chumba kabla hakijajengwa.

Aliteremka wiki iliyofuata, yeye na Maxine, na futi ya kupimia mkobani. Huko jua lilikuwa kali kiasi kwamba saa nne asubuhi Karwirwa alikuwa ameshavua sweta na kuomba maji mara mbili. Mke wa Mzee Mbogo alimtolea kiti kivulini, akamletea beseni la maji baridi aweke miguu. Mzee alishika ncha moja ya futi, Karwirwa akashika nyingine, wakapima kiwanja kati ya miembe. Maxine na Njue walisimama pembeni wakiandika namba kwenye simu, wakibishana ni ukuta wa mawe au wa matofali utakaozuia joto zaidi.

"Andika kipimo," Karwirwa aliwapigia kelele kutoka upande wa pili. "Usiniandikie namba peke yake!"

"Tumeandika, Mum!"

Mzee Mbogo alijifuta jasho, akaitazama anga isiyo na wingu, akamwambia mkewe apike chakula kingi, kwa sababu wageni hawa hawaondoki leo.